Mvumo

Jumamosi ya tatu hii naingia dukani kwa Eerika,
theluji ya Tampere imeganda kwenye pindo la koti langu,
naye hanipokei tena kama mteja. Ananivutia kiti.
"Leo unanunua, Hilkka, au tunaonja tu?"
Tunaonja, namwambia. Mbuzi wa guniani nilishauziwa mara moja,
naye alikuwa mashine ya kufuma.

Ghorofa ya tatu, kuta zetu ni chapati za maji.
Rauno wa chini akipiga chafya, mimi namwombea afya.
Ikigonga saa nne usiku, sheria ya jengo inalala mlangoni kama mbwa.
Nilikuwa na amplifaya ya wati hamsini,
miaka kumi na moja sijaivusha namba moja.
Ni kufuga farasi bafuni.

Basi Eerika anapanga tatu mezani.
Hii ya wati tano, haizidi mkate.
Hii ya ishirini, ina tundu la spika za masikioni.
Hii ya tatu inataka kwanza simu, na simu inataka nywila,
na nywila inataka jina la mnyama wangu wa utotoni.
Hiyo iondoe.

"Ndani ya hii," asema, akiigonga ya kati kwa ukucha,
"mna amplifaya sitini."
Kasuku wa umeme, kumbe.
Anazungusha: ya klabu yenye moshi, ya uwanja wa mpira,
ya kanisa tupu,
ya gereji ya vijana waliogombana na baba zao.
Zote nazipigia nyuzi tatu zilezile.
Zote nzuri. Nzuri hadi nikaingiwa na shaka,
kama ninavyomshuku mtu anayekubali kila nisemalo.

Natafuta moja, namwambia.
Aliiunda kaka yangu Urho, mwaka nilioanza kazi kiwanda cha karatasi,
kwa redio mbili mbovu na sanduku la siagi.
Vali zake ziliwaka rangi ya chai iliyokolea,
ukiishika na mkono wenye maji inakuuma,
na kabla hujapiga chochote ilikuwa tayari inavuma,
mvumo mnene, wa chini,
jokofu linalowaza jambo.
Mama alisema: debe tupu hilo.
Urho akasema: si tupu, limevuta pumzi tu.

Eerika hakucheka. Akaipekua orodha mpaka mwisho,
kwa uaminifu, kama muuguzi anayetafuta jina kwenye daftari la wodi.
Haimo.
Watu huigiza vilivyouzwa kwa maelfu.
Nani angekuja na vipimo vyake
jikoni kwetu, kabla sanduku la siagi halijaungua?
Na Urho mwenyewe, mwaka wa sita huu, hapimiki.

Nikanunua ya wati ishirini. Si kwa ajili ya zile sitini.
Ilikuwa na punguzo, mpini wake haukunikata vidole,
na ukiishusha kabisa uzi mnene bado unasikika mnene.
Hilo ndilo swali la mtu wa ghorofani.
Mengine ni maneno ya karatasi ya duka.

Usiku, spika masikioni, nikaipata namba saba:
safi, kavu, haina porojo.
Lakini nikiacha kupiga, inakatika. Kimya cha mkasi.
Kijitabu, ukurasa wa kumi na tisa: kuna kizuia kelele,
kimewashwa tangu kiwandani, kwa faida yako.

Nikakizima.

Ukaja, mdogo, wa mbali,
umeme wa jengo zima ukipenya kwenye waya wa gitaa,
lifti humo, friji ya Rauno humo.
Si wake. Wake ulikuwa na kifua.
Nikalilaza gitaa mapajani nikausikiliza,
saa nne na nusu, saa tano,
bila kupiga.